Kutoka Nakala hadi Kigezo: Ufundi wa Gitaa la Mkono Nchini Japani, 1887–2019

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna magitaa makavu yaliyotengenezwa kwa mkono nchini Japani yalivyopata heshima ya kudumu, ilhali gitaa si ala ya asili ya nchi hiyo na kwa muda mrefu magitaa yake yalibezwa kuwa nakala. Maelezo yaliyozoeleka huihusisha heshima hiyo na mapokeo ya kale ya ufundi wa Kijapani. Insha inahoji kuwa maelezo hayo hayatoshi. Kwa kufuatilia karakana za Nagoya, Tokyo, Gifu na Matsumoto, inaonesha kuwa heshima hiyo ilijengwa na mambo matatu: mnyororo wa uanagenzi uliovuka mipaka ya nchi, uigaji uliofanywa kama njia ya kujifunza, na mabadiliko ya kiuchumi ya baada ya mwaka 1985 yaliyoibakishia karakana ndogo nafasi ambayo viwanda vikubwa havikuihitaji tena. Hitimisho ni kwamba dhana ya "kazi ya mkono" ilizaliwa ndani ya historia ya viwanda na haiwezi kuelezwa nje yake.

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili huonya kuwa mwiga tembo hupasuka msamba. Anayeiga kisichomfaa huishia kuumia, na kwa mtazamo huo uigaji ni dalili ya kukosa asili. Historia ya gitaa nchini Japani inaleta ushahidi mgumu dhidi ya matumizi ya jumla ya onyo hilo. Katika muda usiozidi karne moja, mafundi wa nchi ambayo haikuwa na gitaa walianza kwa kunakili ala za wageni, wakashutumiwa kwa kunakili, kisha ala zao wenyewe zikawa kigezo ambacho wengine walipimwa kwacho. Swali la insha hii ni hili: ni nini kilichotokea kati ya nakala na kigezo?

Swali hili lina uzito kwa sababu jibu linalotolewa mara nyingi halina historia ndani yake. Katika matangazo ya biashara na hata katika maandishi ya wapenzi wa ala, ubora wa gitaa la Kijapani huelezwa kuwa ni matunda ya "roho" ya mafundi wa Kijapani, kana kwamba roho hiyo ilikuwepo tangu zama za kale ikisubiri gitaa liwasili. Hobsbawm na Ranger (1983) walikwisha kutufundisha kuwa na shaka na madai ya aina hiyo, kwa kuonesha kuwa mapokeo mengi yanayodhaniwa kuwa ya kale yalibuniwa hivi karibuni kwa mahitaji ya wakati wake. Ranger, aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, alilitumia wazo hilo kuchambua Afrika ya kikoloni. Insha hii inalitumia kwa karakana za Japani, lakini kwa tahadhari moja: kusema kwamba mapokeo yamebuniwa si kusema kwamba ustadi wenyewe ni wa kubuni. Ubao uliorandwa vizuri umerandwa vizuri. Kinachohojiwa ni maelezo ya chanzo chake.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa. "Gitaa kavu" katika insha hii ni gitaa ambalo sauti yake hutoka katika mwili wa mbao bila kutegemea umeme, na limegawanyika katika aina mbili: gitaa la klasiki, lenye nyuzi za utumbo au nailoni, na gitaa la nyuzi za chuma. "Gitaa la mkono" ni tafsiri ya dhana ambayo Wajapani huiita tezukuri. Maana yake halisi inachambuliwa katika sehemu ya tano, kwa kuwa neno hilo lina utata zaidi ya linavyodhaniwa.

2.0 Mafundi kabla ya gitaa

Chimbuko la ufundi huu halimo katika gitaa lenyewe. Limo katika ala mbili zilizolitangulia, yaani shamisen na fidla. Masakichi Suzuki (1859–1944) wa Nagoya alikuwa mwana wa mtengenezaji wa shamisen, ala ya Kijapani yenye nyuzi tatu na kiwambo cha ngozi, naye alirithi kazi hiyo. Wakati wa utawala wa Meiji, serikali ilipoingiza muziki wa Magharibi katika shule, soko la ala za kienyeji lilitikisika. Mwaka 1887, baada ya kuiona fidla na kuipima, Suzuki alitengeneza ya kwake. Katika muda wa kizazi kimoja karakana yake ikawa kiwanda. Vita Kuu ya Kwanza vilipozuia ala za Ujerumani kufika sokoni, kiwanda hicho kilijaza pengo hilo na kuajiri watu zaidi ya elfu moja.

Tukio hili lina mambo mawili ya msingi kwa hoja yetu. Kwanza, fundi aliyeanza kunakili hakuwa mtu asiye na ufundi. Alijua mbao, gundi na mvutano wa nyuzi kabla ya kuiona fidla. Kunakili kwake kulikuwa ni kuhamisha ujuzi kutoka ala moja hadi nyingine. Pili, tangu mwanzo kabisa karakana na kiwanda vilikuwa hatua mbili za safari moja. Hakukuwa na wakati ambapo mafundi wa mkono walikaa upande mmoja na viwanda upande wa pili. Suzuki mwenyewe alikuwa vyote viwili.

Nagoya ilikuwa mahali panapofaa kwa sababu za kijiografia pia. Mji huo ulikuwa makao ya himaya ya Owari, iliyomiliki misitu ya bonde la Kiso katika enzi ya Edo na kuilinda kwa sheria kali mno. Biashara ya mbao, useremala na utengenezaji wa samani viliota mizizi katika ukanda wote kutoka Nagoya hadi milima ya Nagano. Haishangazi basi kwamba karakana nyingi za gitaa zilizokuja baadaye zipo katika ukanda huo. Mwaka 1935 Giichi Yairi alianzisha humo karakana ya ala ambayo mwanawe Kazuo angeijengea jina duniani.

Huko Tokyo, njia ilikuwa tofauti kidogo. Gitaa lilifika likiwa limeandamana na mandolini, na vikundi vya mandolini vilipendwa sana na wanafunzi wa vyuo katika miaka ya 1910 na 1920. Mwaka 1929 Andrés Segovia alifanya ziara yake ya kwanza nchini Japani. Wasikilizaji waliokuwa wamezoea kulisikia gitaa likisindikiza sauti nyingine walilisikia likijitegemea jukwaani. Kwa mafundi, ziara hiyo ilizua swali la kiufundi: ni nini katika ujenzi wa gitaa la Kihispania kinachoiwezesha ala ndogo kama ile kuujaza ukumbi? Sakazo Nakade (1906–1993), aliyetokea katika ufundi wa fidla, alikuwa miongoni mwa waliotumia maisha yao kulijibu. Nyumba ya Nakade ilikuwa chuo kisicho na jina la chuo, kwani ndugu zake na wanagenzi wake ndio walioieneza kazi hiyo Tokyo na kwingineko baada ya Vita Kuu ya Pili.

3.0 Kujifunza kwa macho: Masaru Kohno na Madrid

Katika karakana za Japani kuna usemi kwamba mwanagenzi hafundishwi ufundi, bali huuiba. Maana yake ni kwamba fundi mkuu haelezi kwa maneno. Mwanagenzi hufagia, hunoa patasi, hubeba mbao, na huku jicho lake linafuata mkono wa mkubwa wake. Mafundi wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, wawe waundaji wa majahazi au wachonga milango, wangeutambua utaratibu huu bila kuelezwa. Wajibu wa kujifunza unamwangukia anayejifunza.

Masaru Kohno (1926–1998) aliuvusha utaratibu huu nje ya nchi. Alisomea ufundi wa mbao katika chuo cha sanaa na ufundi huko Tokyo, akaanza kutengeneza magitaa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati nchi ilipokuwa katika ufukara wa baada ya vita na ala nzuri za kigeni zilikuwa adimu. Mnamo 1960 alisafiri hadi Madrid, akakaa kwa miezi michache katika karakana ya Arcángel Fernández. Hakwenda kujifunza useremala, kwa kuwa alikuwa nao tayari. Alichokikosa ni kile ambacho vipimo vya gitaa lililokamilika haviwezi kukionesha, yaani mpangilio wa kazi: kipi kinatangulia, wapi ubao unaachwa mnene na wapi unapunguzwa, na fundi anasikiliza nini anapougonga kwa kidole.

Jambo hili linahitaji ufafanuzi wa kiufundi. Tangu Antonio de Torres (1817–1892), gitaa la Kihispania hujengwa kwa kuulaza uso wake chini juu ya ubao wa kazi wenye mbonyeo kidogo. Ndani ya uso hubandikwa vijiti vyembamba vinavyotawanyika kama upepeo. Shingo hutangulia kuunganishwa na uso, kisha mbavu huingizwa katika kisigino cha shingo, na mgongo hufunga kazi. Kwa hiyo umbo la mwisho la gitaa linategemea mfuatano wa hatua. Mtu anayepima gitaa lililokwisha kufungwa anaona matokeo tu, na mfuatano umefichika ndani. Ndiyo maana nakala nyingi za kabla ya hapo zilifanana kwa sura na kutofautiana kwa sauti. Safari ya Kohno ilikuwa hatua ya kutoka kunakili kitu hadi kunakili mchakato, na tofauti kati ya hayo mawili ndiyo kiini cha hoja ya insha hii.

Mwaka 1967 Kohno alipata nafasi ya kwanza katika shindano la kimataifa la watengenezaji magitaa lililofanyika Liège, Ubelgiji, mbele ya waamuzi waliojumuisha Ignacio Fleta wa Barcelona na Robert Bouchet wa Paris, ambao wenyewe walikuwa mafundi wa daraja la juu. Mwaka 1988 mpwa na mwanafunzi wake, Masaki Sakurai, alishinda shindano kama hilo jijini Paris. Ushindi wa kwanza ungeweza kuitwa bahati ya mtu mmoja mwenye kipaji. Ushindi wa pili, ulioletwa na mwanagenzi wake miaka ishirini na mmoja baadaye, unathibitisha kuwa kilichokuwapo ni utaratibu wa kurithisha.

4.0 Gitaa la nyuzi za chuma na shutuma ya nakala, 1966–1977

Ikiwa gitaa la klasiki liliingia kwa njia ya kumbi za muziki, gitaa la nyuzi za chuma liliingia kwa njia ya vijana. Katika miaka ya 1960 muziki wa foku kutoka Marekani ulienea katika vyuo vya Japani. Mwaka 1966 kampuni iliyokuwa ikiitwa Nippon Gakki, ambayo leo ni Yamaha, ilitoa magitaa yake ya FG180 na FG150. Yalijengwa kwa mbao za tabaka, yalikuwa imara na bei yake ilikuwa nafuu. Katika tamasha la Woodstock la 1969, Country Joe McDonald alionekana akilipiga FG150. Soko la ndani nalo lilikuwa kubwa: albamu ya Yosui Inoue iitwayo Kōri no Sekai, iliyotolewa mwaka 1973, ilivuka nakala milioni moja, ikiwa albamu ya kwanza ya Kijapani kufikia kiwango hicho. Kijana aliyeisikiliza alitaka gitaa.

Sarafu iliwezesha uuzaji nje. Kuanzia 1949 hadi 1971 dola moja ilibadilishwa kwa yeni 360. Kwa mnunuzi wa Marekani, kazi ya Kijapani ilikuwa rahisi mno. Kampuni ya St. Louis Music ilianza kuuza magitaa ya Yairi chini ya jina la Alvarez Yairi, na mwaka 1970 C. F. Martin, kampuni kongwe ya Pennsylvania iliyoanzishwa 1833, ilianzisha chapa ya Sigma iliyotengenezwa Japani. Kwa maneno mengine, hata mwenye asili aliagiza nakala ya kazi yake mwenyewe.

Viwanda vya Japani havikuishia kwenye kuagizwa. Vingi vilitoa magitaa yaliyofanana na ya Martin na Gibson hadi kwenye umbo la kichwa na mtindo wa herufi za jina. Mwaka 1977 kampuni ya Norlin, iliyomiliki Gibson, ilifungua shauri huko Philadelphia dhidi ya Elger, tawi la kampuni ya Hoshino iliyouza magitaa ya Ibanez, kuhusu umbo la kichwa cha gitaa. Shauri hilo lilihusu hasa magitaa ya umeme, lakini kivuli chake kiliyaangukia yote. Leo, magitaa makavu ya Kijapani ya miaka hiyo huitwa kiholela kuwa ni ya "enzi ya mashtaka," ingawa mengi hayakuwahi kushtakiwa na mtu yeyote.

Mwanahistoria anapaswa kuona hapa kinaya fulani. Sehemu iliyobishaniwa, yaani umbo la kichwa, haina athari kubwa katika sauti. Sehemu yenye athari, yaani namna uso unavyopunguzwa na mataruma yanavyochongwa, haikuweza kubishaniwa mahakamani kwa sababu haionekani na haina mmiliki. Sheria ililinda alama, na ufundi ukapita katikati.

5.0 Mkono na mashine ndani ya karakana

Ni nini basi hufanyika kwa mkono? Jibu la haraka, kwamba kila kitu, si la kweli. Katika karakana ya Yairi iliyopo Kani, mkoani Gifu, ambako yapata watu thelathini walifanya kazi, misumeno ya umeme na mashine za kukwangua hutumika kupasua mbao na kuzikaribisha na kipimo. Hali ni hiyohiyo katika karakana nyingi zenye sifa. Mkono huanza pale ambapo mbao mbili za mti mmoja huacha kufanana.

Uso wa gitaa, ambao kwa kawaida ni wa sprusi au mwerezi, huwa na unene wa takriban milimita tatu. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huuvuta kwa nguvu inayozidi kilo 70. Uso ukiwa mnene, hautikisiki na sauti hufa. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, hukunjamana na daraja la nyuzi huinuka. Kinachousaidia ni vijiti vya ndani, ambavyo kwa Kiswahili neno mataruma, lililo la waundaji wa majahazi, linavifaa vizuri: kama taruma za chombo, hubeba mzigo bila kuongeza uzito usiohitajika. Katika gitaa la nyuzi za chuma mataruma makuu hupishana kwa umbo la X. Mbao mbili za sprusi zenye unene sawa zinaweza kutofautiana kwa ugumu kiasi kikubwa, hivyo kipimo kimoja kwa zote huzaa gitaa moja zuri na jingine bubu. Fundi huushika ubao, huukunja kidogo, huugonga na kuusikiliza, kisha huchonga. Huu ndio uamuzi ambao mashine ya wakati ule haikuweza kuufanya.

Eneo la pili ni muda. Japani ina majira ya mvua yenye unyevunyevu mwingi na, katika maeneo mengi, majira ya baridi yaliyo makavu. Ubao hunywa maji na kuyatoa, hupanuka na kusinyaa. Kazuo Yairi (1932–2014) alijulikana kwa kuziacha mbao zake zikauke kwa miaka kabla ya kutumika, na kwa kuyaweka magitaa yasiyokamilika katika chumba kilichopigwa muziki. Jambo hili la pili watu wengi hulitaja kama ajabu, lakini kwa mtafiti la kwanza ndilo kubwa zaidi. Mbao zinazokauka kwa miaka ni mtaji uliolala. Kiwanda kinachopaswa kurudisha mkopo kila mwezi hakiwezi kuulaza mtaji namna hiyo. Subira hapa si sifa ya tabia peke yake. Ni mpangilio wa kiuchumi unaowezekana katika biashara ndogo ya kifamilia.

Eneo la tatu ni ukarabati. Katika magitaa mengi ya mkono ya nyuzi za chuma, shingo huchomekwa mwilini kwa kiungo kipanukacho kama mkia wa ndege, na baadhi ya mafundi hutumia nikawa, gundi ya ngozi za wanyama ambayo hulegea ikipata joto na unyevu. Gitaa la namna hii linaweza kufunguliwa bila kuvunjwa. Yairi aliwaahidi wanunuzi wake matengenezo katika maisha yote ya gitaa. Ahadi hiyo inawezekana tu ikiwa ala ilijengwa tangu mwanzo kwa kukubali kwamba siku moja itarudi mezani. Hapa ndipo mvuto wa kudumu unapopata msingi unaoweza kupimwa: gitaa linadumu kwa sababu linatengenezeka.

6.0 Yeni inapanda: 1985 na matokeo yake

Mnamo Septemba 1985 nchi tano tajiri zilikubaliana katika hoteli ya Plaza, New York, kushusha thamani ya dola. Kabla ya makubaliano hayo dola moja ilikuwa takriban yeni 240. Kufikia 1988 ilikuwa karibu yeni 120. Gitaa la Kijapani ambalo bei yake haikubadilika kiwandani liligharimu mara mbili kwa dola. Wauzaji wa Marekani walihamishia maagizo yao Korea Kusini, na baadaye katika nchi nyingine za Asia. Viwanda vingi vya Nagoya na Matsumoto vilipungua au vilifungwa.

Karakana ndogo hazikusalimika zote, lakini hali yao ilikuwa tofauti. Hazikuwa zikiuza kwa urahisi wa bei, hivyo kupanda kwa bei hakukuondoa sababu ya kununuliwa. Zaidi ya hayo, kuondoka kwa magitaa ya bei nafuu kulifuta taratibu ile sura ya zamani ya "gitaa la Kijapani" kama kitu cha anayeanza. Lililobaki na kuendelea kuitwa la Kijapani lilikuwa lile la gharama. Jina la nchi lilipanda daraja kwa kupoteza sehemu kubwa ya uzalishaji wake.

Mfano wa Headway unaonesha kuwa mchakato huu haukuwa laini. Kampuni hiyo iliasisiwa Matsumoto mwaka 1977, ikiongozwa kiufundi na Yasuo Momose, na lengo lake lilikuwa magitaa makavu ya mkono. Mwaka 1983 moto uliiteketeza karakana, na utengenezaji wa magitaa makavu ukakoma. Ulirejea mwaka 1999, Momose akiwa bado fundi mkuu. Katika miaka kumi na sita ya kimya, magitaa ya awali yaliendelea kupigwa na kuuzwa mkono hadi mkono, na ndiyo yaliyolihifadhi jina hadi lilipofufuliwa. Ushahidi huu unadokeza kuwa mvuto haukutegemea matangazo pekee. Ulitunzwa na ala zenyewe zilizokuwa mikononi mwa wapigaji.

7.0 Mjadala: mapokeo ya nani?

Turudi sasa kwenye maelezo ya "roho ya ufundi." Japani ina sheria ya 1974 ya kukuza viwanda vya ufundi wa jadi, na miongoni mwa vigezo vyake ni kuwa ufundi uwe umedumu kwa takriban miaka mia moja. Gitaa halimo katika orodha hiyo. Kwa kipimo cha dola yenyewe, gitaa la Kohno au la Yairi si la jadi. Kwa upande mwingine, neno monozukuri, linalotajwa leo kama jina la falsafa ya kale ya kutengeneza vitu, lilipata nguvu katika lugha ya sera katika miaka ya 1990, na sheria inayolibeba neno hilo ilipitishwa mwaka 1999, katika muongo ambao viwanda vilikuwa vikihama na taifa likitafuta maneno ya kujifariji. Sifa ya ufundi wa mkono ilikuzwa zaidi wakati ajira za mikono zilipopungua.

Kuna pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba useremala wa Kijapani, wenye randa na misumeno inayokata kwa kuvutwa badala ya kusukumwa, ulikuwepo karne nyingi kabla ya gitaa, na kwamba vuguvugu la mingei, lililoanzishwa na Sōetsu Yanagi na wenzake katikati ya miaka ya 1920, lilikwisha kukitukuza kitu cha kawaida kilichotengenezwa na mikono isiyojulikana. Matsumoto yenyewe ilipata kuwa kituo cha samani za mingei baada ya vita. Pingamizi hili ni la kweli kwa kiasi chake. Ujuzi wa zana ulikuwa urithi. Lakini urithi huo ulikuwa wa mafundi wote wa mbao, na wengi wao hawakutengeneza gitaa hata moja. Aidha, mingei ilimtukuza fundi asiye na jina, ilhali gitaa la mkono huuzwa kwa jina na sahihi ya fundi iliyomo ndani ya mwili wake. Katika hilo mafundi wa gitaa walifuata desturi ya Hispania kuliko ya Yanagi.

Suala la mbao linapanua mjadala nje ya Japani. Sprusi ya uso ilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini, mkangazi wa shingo Amerika ya Kati na Kusini, na rozwudi ya mgongo na mbavu Brazili na India. Mwaka 1992 rozwudi ya Brazili iliwekwa katika ngazi ya ulinzi mkali zaidi ya mkataba wa CITES. Tarehe 2 Januari 2017 jamii nzima ya Dalbergia ikawekwa chini ya udhibiti, kabla ya ala zilizokamilika kulegezewa masharti mwishoni mwa 2019. Mpingo wa Tanzania, Dalbergia melanoxylon, ni wa jamii hiyohiyo. Matumizi yake makuu ni katika klarineti na zumari za Kizungu, na mafundi wachache huutumia kwa mgongo wa gitaa. Vijiji vya Kilwa vilianza kuvuna mpingo kwa cheti cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009, na Yamaha imekuwa ikishirikiana na wadau wa kusini mwa Tanzania katika utunzaji wa mti huo. Kwa hiyo ala ambayo hubeba jina la nchi moja imekusanya ndani yake kazi za nchi kadhaa, lakini sahihi iliyomo ndani ni ya fundi wa mwisho tu. Maelezo ya "roho ya taifa" huufanya ukweli huo usionekane.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kuwa gitaa la mkono la Japani halikupata heshima yake kwa kuwa la Kijapani tangu kale. Lilianzia katika shamisen na fidla, likajifunza Madrid, likauzwa kwa bei ya yeni dhaifu, likashutumiwa kuwa nakala, kisha likasalia pale yeni yenye nguvu ilipoviondoa viwanda vilivyokuwa vikilizunguka. Mvuto wake wa kudumu una sababu zinazoweza kuchunguzwa: uamuzi wa fundi juu ya kila ubao, mbao zilizopewa muda, na ujenzi unaokubali kufunguliwa na kutengenezwa upya.

Matokeo haya yanaathiri namna tunavyoandika historia ya ufundi kwa Kiswahili. Mara nyingi watafiti wetu hutafuta asili, na fundi aliyejifunza kwa kuiga huachwa pembeni kana kwamba hana historia. Mfano wa Japani unatutaka tuulize swali jingine juu yake: aliiga kitu, au aliiga mchakato? Alikaa kwa nani, kwa muda gani, na nani alikaa kwake baadaye? Fundi anayemwiga tembo kwa umbo la nje atapasuka msamba, kama methali isemavyo. Anayejifunza namna tembo anavyotembea yuko katika njia nyingine, na njia hiyo ndiyo inayostahili utafiti.